Nilisoma namba ya kuvuta, sikusoma namba ya kubeba

Kibandiko chenyewe hakizidi kiganja cha mkono. Ni cheupe, kina mstari wa njano, na kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mahali ambapo hukioni mpaka ufungue mlango na kuinama. Kwenye pikapu yangu ya kwanza kilisema kwamba uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi pauni 1,390, yaani kama kilo 630. Nilikaa na gari lile miezi mitano, nikaliosha kila Jumamosi, nikafungua mlango ule mara mia kadhaa, bila kukisoma. Kutokisoma kulinigharimu zaidi ya dola 8,300, na siku moja barabarani kulikaribia kunigharimu watu wangu wote.

Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu wa huku Marekani, maana naona wengi sasa wanaanza kununua hizi tela za kulala. Sisi tulianza kwa sababu ya mama. Alikuwa anakuja kutoka Iringa kukaa nasi miezi sita, na safari yake iliyotangulia ilitufundisha kwamba hoteli hazimfai. Sukari yake inataka chakula chake kwa saa zake, na choo cha karibu usiku. Mke wangu ndiye aliyetoa wazo: "Baba Neema, kwa nini tusitembee na nyumba yetu?" Nikalipenda papo hapo. Tunaishi Fort Worth, Texas, na huku ukitoka Ijumaa jioni unakuta barabarani foleni za pikapu na tela zikielekea maziwani. Nikajiambia kama wao wanaweza, sisi tutashindwaje?

Kosa la kwanza lilikuwa mpangilio. Nilinunua pikapu Oktoba, tela Januari. Ilipaswa iwe kinyume: chagua kwanza tela itakayoitosha familia yako, ujue uzito wake ikiwa imejaa, ndipo utafute gari la kuibeba. Mimi nilifanya kama mtu anayenunua viatu kabla hajajua mguu ni wa nani.

Pikapu ilikuwa ya daraja ambalo huku huitwa nusu tani, daraja la F-150, Silverado 1500 na Ram 1500. Jina hilo la nusu tani ni la zamani na halina maana tena. Gari moja la daraja hilo linaweza kubeba pauni 1,300 na lingine linalofanana nalo kwa nje likabeba 2,000, kutegemea injini, springi, ukubwa wa kebini na hata viti vya ngozi na paa la kioo. Kila kitu kizuri kilichoongezwa kiwandani kimetolewa kwenye uwezo wako wa kubeba. Langu lilikuwa na vyote hivyo. Lilikuwa limetumika miaka miwili, nikalinunua dola 38,500, na kodi ya jimbo ya asilimia 6.25 juu yake, dola 2,406.

Muuzaji nilimuuliza swali moja tu: linavuta kiasi gani? Akanijibu pauni 9,200. Hakunidanganya, namba ile ipo kweli kwenye vitabu vya kiwanda. Tatizo ni jinsi namba hizo zinavyopatikana. Watengenezaji wakubwa hupima kwa kanuni iitwayo J2807, na kanuni hiyo inahesabu garini dereva na abiria mmoja, kila mmoja pauni 150, na karibu hakuna kitu kingine. Hakuna mama, hakuna watoto kiti cha nyuma, hakuna jenereta wala friji la barafu kwenye bodi. Sisi tuko watano. Watu peke yetu ni pauni 650.

Tela tuliipata kwa familia moja iliyokuwa inahama, futi 27, dola 21,500. Ndani kuna kitanda kikubwa mbele, vitanda viwili vya watoto nyuma, jiko la gesi, choo na bafu. Kwenye karatasi iliandikwa uzito wake mtupu pauni 5,800, na ukomo wake ikijaa pauni 7,600. Nikachukua 5,800, nikailinganisha na 9,200, nikaona nina nafasi ya kumwaga. Ndugu yangu, uzito mtupu usiutumie kwa hesabu yoyote. Hakuna anayesafiri na tela tupu. Weka mitungi ya gesi, betri, sufuria, matandiko, unga, maji, zana, na utaona pauni elfu moja zimeingia bila hata wewe kupakia kitu cha maana. Kama hujapima, fanya hesabu kwa ule ukomo wa juu.

Na kuna kitu kinachoitwa uzito wa shingo. Tela ya aina hii haivutwi tu kama ng'ombe anavyovuta jembe. Sehemu ya uzito wake inakaa juu ya gari. Shingo, yaani chuma cha mbele cha tela kinachoshikana na gari, inatakiwa ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela nzima. Ikiwa chini ya hapo, mkia unakuwa mzito kuliko kichwa na tela inaanza kupiga mkia barabarani. Kwa hiyo tela ya pauni 7,000 inaweka pauni 700 hadi 1,050 mgongoni mwa pikapu yako, na pauni hizo zote zinahesabiwa kwenye kile kibandiko cha mlangoni pamoja na watu. Chukua 1,390, toa 650 za watu. Zinabaki 740. Toa chuma chenyewe cha kuvutia tela, pauni 90. Zinabaki 650, na shingo bado hujaiweka. Hesabu ya darasa la tatu, na sikuifanya.

Baba mdogo wangu aliendesha malori ya semi kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi. Nikiwa sekondari, likizo nilikuwa nakaa naye kama utingo, nalala kitanda cha nyuma ya kiti, nashuka kuweka gogo kwenye tairi kila tukisimama kwenye mlima. Nimekaa foleni ya mizani Kibaha usiku kucha. Nimemwona akibishana, akishusha magunia, akisogeza mzigo mbele ili ekseli ya nyuma isizidi. Kwa hiyo jambo la uzito halikuwa geni kwangu. Lakini kichwani mwangu mizani ilikuwa mambo ya serikali na malori. Huku pikapu na tela yako ya familia hupiti mizani yoyote, hakuna anayekusimamisha, na ukimya huo nikauchukulia kuwa ruhusa.

Likizo ya shule ya Machi tukaondoka kuelekea Palo Duro, bonde kubwa lenye miamba myekundu karibu na Amarillo. Ni mwendo wa kama maili 340 kwa barabara ya 287. Usiku wa kuamkia safari nilijaza tanki la maji safi la tela, galoni 40, kwa sababu nimelelewa kwamba msafiri hatoki nyumbani bila maji. Galoni moja ya maji ina uzito wa zaidi ya pauni 8. Nilijiongezea pauni 330 kwa bomba la bustani, ilhali kila kambi tuliyokuwa tunakwenda ina bomba.

Nilipounganisha, nyuma ya pikapu ikashuka na pua ikanyanyuka. Niliiona. Mwezi mmoja kabla, mtu mmoja kwenye duka la vifaa alinishauri nifunge mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma, dola 420 na ufundi 250. Nikaijaza upepo, gari likakaa sawa kama meza, nikafurahi. Hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu ushauri huu bado unatolewa kila siku. Mifuko ya hewa inanyoosha gari, haiongezi hata pauni moja kwenye uwezo wake. Ekseli ni ile ile, breki ni zile zile, tairi ni zile zile. Na zaidi ya hapo, inanyanyua nyuma lakini hairudishi uzito kwenye tairi za mbele. Gari linaonekana zima wakati bado ni gonjwa.

Mpaka Wichita Falls hapakuwa na shida, ila usukani ulikuwa mwepesi kuliko kawaida. Nikadhani ni raha ya barabara. Tulipopita Quanah nchi ikafunguka, hakuna mti, na upepo ukaanza kutoka kushoto. Mtu wa Dodoma anaweza kuelewa ule uwazi, lakini upepo wa kule ni mwingine. Nilikuwa maili 70 kwa saa kwa sababu kibao kilisema 75. Lori refu likanipita. Likiwa linakuja lilituvuta kwake, likapita, likatuachia, na wakati huohuo upepo ukapiga ubavu wa tela.

Kwanza niliisikia kiunoni, kabla macho hayajaona. Kiti kikasogea kushoto, kikarudi kulia, kikaenda kushoto zaidi. Nikatazama kwenye saitimira: tela ilikuwa nje ya mstari wa njia, ikarudi, ikatokea upande wa pili. Kila mzunguko ulikuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Nikafanya kile ambacho mwili wa dereva yeyote unataka kufanya, nikakanyaga breki. Ikawa mbaya zaidi, maana pikapu ilipunguza mwendo na tela ikawa inasukuma kutoka nyuma. Mke wangu hakupiga kelele. Alishika dashibodi kwa mikono yote miwili. Nyuma nilimsikia mama akiita, "Mama Maria, Mama Maria," kwa sauti ya chini, bila kupumzika.

Kilichotuokoa ni kwamba mguu ulitoka kwenye breki na mkono ukapata kile kiswichi kidogo cha breki za tela chini ya dashibodi. Ukikisukuma, breki za tela peke yake ndizo zinazoshika, na tela inajivuta nyuma, inanyooka kama kamba iliyokazwa. Ndicho kitendo sahihi: acha mafuta, shika usukani bila kuupigania, bana breki za tela kwa mkono, usiguse breki ya mguuni. Mimi nilikifanya baada ya kukosea kwanza kwa kukanyaga breki ya mguuni. Nakuomba ukifanyie mazoezi kwenye uwanja mtupu mpaka mkono ujue njia bila macho, kwa sababu siku hiyo macho hayana nafasi.

Nikasogea pembeni. Neema alikuwa analia. Mama akafungua mlango, akashuka, akasimama kwenye upepo ule akiwa ameshika khanga kichwani, akaizunguka tela yote polepole kama anayekagua nyumba baada ya mvua. Akarudi akasema, "Baba, hiki kitu kinamshinda huyu." Alikuwa na maana pikapu.

Tukaenda maili 50 kwa saa mpaka Childress, tukapumzika, tukaendelea hivyo hivyo. Amarillo tulifika giza limeingia. Usiku ule nilimpigia baba mdogo, kwao ikiwa saa kumi na moja alfajiri.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mmefika salama?"

Nikamweleza yote. Alinyamaza muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza: "Umepita mizani?"

Nikasema huku magari madogo hayapiti mizani.

"Sijauliza kama wamekupitisha. Nimeuliza kama umepita."

Asubuhi nikaenda. Vituo vikubwa vya malori huku vina mizani ya kampuni ya CAT, na gari lolote linaruhusiwa. Bei ni dola kumi na kitu, na ukirudia kupima siku hiyohiyo unalipa pungufu ya mara ya kwanza. Mizani ina mabamba: tairi za mbele za pikapu zikae bamba la kwanza, za nyuma la pili, za tela la tatu. Pima mara tatu. Mara ya kwanza ukiwa na tela na vyuma vya kusawazisha uzito, vile vinavyorudisha sehemu ya uzito wa shingo kwenye tairi za mbele za pikapu, vikiwa vimekazwa, familia yote ndani. Mara ya pili na tela, vyuma vikiwa vimelegezwa. Mara ya tatu iache tela pembeni, pima pikapu peke yake na watu wote ndani. Ukitoa hesabu ya tatu kwenye ya pili, kwa upande wa pikapu, unapata uzito halisi wa shingo.

Karatasi zile ninazo mpaka leo. Pikapu peke yake ikiwa na sisi: 6,430. Pikapu ikiwa na tela, vyuma vimelegezwa: 7,290. Kwa hiyo shingo yangu ilikuwa pauni 860, si zile 620 zilizoandikwa kwenye karatasi ya tela. Ukomo wa pikapu yenyewe ikijumlishwa na watu, mizigo na shingo ulikuwa 6,900. Hata vyuma vikikazwa nilikuwa 7,140, nimezidisha pauni 240. Ekseli ya nyuma ilikuwa na 4,130 wakati mwisho wake ni 3,850. Na jibu la usukani mwepesi lilikuwa pale pale: tairi za mbele zilikuwa na 3,250 bila tela, zikashuka hadi 2,890 ikifungwa, na vile vyuma nilivyovinunua dola 780 vilirudisha pauni 120 tu, kwa sababu vilikuwa vimelegea. Tela ilikuwa inanyanyua tairi zinazoongoza gari. Tela yenyewe ilikuwa pauni 6,870, mbali kabisa na zile 9,200 nilizoambiwa naweza kuvuta. Nilikuwa ndani ya uwezo wa kuvuta na nje ya uwezo wa kubeba, vyote kwa wakati mmoja.

Barabara ya kushukia bonde la Palo Duro ina mteremko wa asilimia 10. Sikuishusha tela. Tukalipia kambi Amarillo, tukaiacha pale, tukaenda bondeni na pikapu tupu. Watoto walinuna, walikuwa wamejiandaa kulala chini ya ile miamba. Nikavumilia.

Kurudi nyumbani tulimwaga maji yote, tukahamisha jenereta na friji kutoka kwenye bodi, tukaviweka sakafuni ndani ya tela juu ya ekseli, nikakaza vyuma tundu moja zaidi kwenye mnyororo, na tukaondoka alfajiri kabla upepo haujaamka, kwa maili 55. Tulifika. Lakini nilikuwa nimeshaamua.

Mwezi wa tano nilibadilishana gari. Walilipokea la zamani kwa dola 33,200, na nikachukua la daraja linaloitwa robo tatu ya tani, lililotumika, dola 47,900. Texas inakutoza kodi kwa tofauti tu ukibadilishana kwenye duka hilohilo, hivyo kodi ilikuwa kama 919. Ukijumlisha dola 5,300 zilizopotea kwenye bei, kodi ya gari la kwanza, na mifuko ya hewa, ndiyo ile 8,300 na zaidi niliyoitaja mwanzoni. Mke wangu alikuwa ameweka pembeni fedha za kumalizia nyumba yetu Iringa. Sehemu yake ilikwenda huko. Hakunisema, na hilo lilinichoma zaidi.

Safari hii kabla sijazungumza na muuzaji nilifungua milango. Nilipita kwenye uwanja wake na tochi ya simu, nikisoma kibandiko kimoja baada ya kingine, naandika kwenye daftari. Utashangaa: pikapu mbili za jina moja, rangi moja, zinapishana pauni 600. Jambo lililonishangaza ni injini za dizeli. Nilikuwa naitaka dizeli, mtu aliyelelewa kwenye semi anaipenda tu sauti yake. Lakini injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli kwa mamia ya pauni, na kwenye daraja hili uzito huo unatolewa kwenye uwezo wako wa kubeba. Dizeli niliyoipenda ilikuwa na 2,010. Ya petroli iliyokuwa pembeni yake ilikuwa na 2,870, na bei yake ilikuwa chini sana. Kama unapanda milima mirefu kila wiki, dizeli ina maana. Kwa familia inayotoka mara sita kwa mwaka, nilichukua petroli na sijajuta.

Kuhusu vifaa, niseme nilichoona kina kazi. Kidhibiti cha breki za tela lazima, na kiwe kile kinachopima jinsi gari linavyopungua mwendo na kubana breki za tela kwa kiasi hichohicho. Vile vya bei rahisi vinavyohesabu sekunde vinabana sawasawa ukisimama taratibu au kwa dharura. Gari la sasa lilikuja nacho kiwandani. La kwanza nilikifunga kwa dola 190, na bila kiswichi chake nisingekuwa naandika. Ukitoka, nenda maili 20 kwa saa sehemu tupu, bana kwa mkono: tela inatakiwa ikuvute waziwazi bila tairi zake kufunga na kuburuzika. Kama huisikii, rudi ukarekebishe kabla ya barabara kuu.

Saitimira ndefu za kuvutia tela. Bila hizo hujui kilicho nyuma ya ubavu wa tela.

Tairi zinastahili maneno zaidi. Pikapu nyingi za nusu tani huja na tairi laini za gari dogo, na kuta zake zinayumba chini ya mzigo. Za tela ni aina yake, zimeandikwa ST, na baadhi yake mwisho wake ni maili 65 kwa saa, hata kama kibao kinaruhusu 75. Mimi sasa siendi zaidi ya 62. Na tairi za tela huzeeka kwa kusimama kuliko kwa kutembea. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zangu zilikuwa na miaka saba ilhali kashata zake zilikuwa bado hazijaisha. Nilinunua mpya nne kwa dola 560. Baada ya kufunga tairi, kaza nati tena ukishatembea maili 50 hadi 100, kwa spana yenye kipimo, hata kama fundi amekuapia. Niliongeza vipimo vya upepo vinavyonionyesha hali ya kila tairi ya tela nikiwa kwenye usukani, dola 280. Wengine wataona ni anasa. Kwangu, baada ya Quanah, si anasa.

Kuunganisha kwenyewe tulikufanya kazi ya watu wawili. Mama ndiye alikuwa anashika tochi. Unarudi nyuma mpaka tufe la pikapu liwe chini ya kikombe cha shingo, unashusha jeki, unafunga kufuli. Halafu usiondoke. Pandisha jeki tena inchi mbili tatu: kama mkia wa pikapu unanyanyuka pamoja na shingo, vimeshikana. Kama shingo inapanda peke yake, ulikuwa unaondoka na tela iliyolala tu juu ya tufe bila kushika. Minyororo ipishane chini ya shingo kama mikono iliyokunjwa, ili shingo ikichomoka idakwe, isichimbe lami. Kisha waya wa breki ya dharura, taa, na kuzunguka mara moja yote kwa mguu. Mama aliijua orodha ile kuliko mimi. Nikiruka kitu, tochi haikusogea, inabaki inamulika pale pale.

Nisikudanganye kuhusu fedha. Kama nia yako ni kupunguza gharama za hoteli, nenda hotelini. Pikapu ikivuta inakula galoni moja kwa maili 9 au 10, yaani kilomita nne kwa lita. Kuna bima mbili, kuna mahali pa kuegesha tela dola 75 kwa mwezi. Sisi tulilipia kitu kingine: mama kuamka saa kumi na mbili asubuhi kwenye kitanda chake, akapima sukari, akabandika uji, akafungua pazia na kuona nchi asiyoijua.

Julai tulikwenda Colorado. Njia yetu ilipita Dalhart, ikaingia New Mexico, halafu barabara ya I-25 inapanda Raton, futi 7,834 juu ya bahari. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000, kwa hiyo pale juu karibu robo ya farasi wangu hawakuwepo. Nikakaa njia ya kulia na malori, taa za tahadhari zikiwaka, na sikuona aibu.

Kilichokuwa kinaninyima usingizi ni kushuka. Nilikuwa nimekumbuka Kitonga, ule mlima mkali wa njia ya Tunduma, usiku mzima: harufu ya breki za watu wengine, na baba mdogo akisema gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Hapo kileleni, kabla mteremko haujaanza, nikashusha gia kwa mkono mpaka injini ikawa inaunguruma, mwendo maili 45. Gari likajishika lenyewe. Mwendo ukipanda, nilikanyaga breki kwa nguvu kidogo mpaka 40, nikaachia kabisa zipoe, sikuziburuza. Mke wangu alikuwa na mikono mapajani. Nyuma kulikuwa kimya. Nikatazama kwenye kioo, mama alikuwa anaangalia milima.

Trinidad nikasimama kwenye uwanja mpana. Nikashuka, nikaanza kuzunguka tairi za tela moja moja, naweka nyuma ya kiganja kwenye kikombe cha bearing, kama nilivyokuwa nafanya chini ya Kitonga kwa amri ya baba mdogo. Kinachounguza kuliko wenzake kina ugonjwa. Vyote vinne vilikuwa na joto moja, la kikombe cha chai unachoweza kukishika. Mama alinifuata. Akaniangalia, naye akaweka mkono wake kwenye cha mwisho, akauacha pale muda.

"Huyu anaweza," akasema, akaenda kubandika maji ya ugali.